Mkaa Ukutani

Bi Mwanakhamis wa ofisi ya mikopo, pale Wete,
kanitilia kurasa tisa ndani ya bahasha:
"Lete mpango wa biashara. Ulioandikwa.
Wa kichwani hatuupokei."
Nikacheka. Si kwa kiburi.
Nilitazama mikono yangu, gundi ya paipu imegandia kuchani,
nikajiuliza kalamu nitaishika na kidole gani.

Sisi mafundi wa mifereji hatukufunzwa kuandika,
tumefunzwa kusikiliza:
ukuta ukinong'ona usiku, kiungo kimelegea;
mwenye nyumba akinong'ona, pesa hana.
Fundi Shaame, aliyenifunza kazi, akisema,
"Anayeandika ni anayesahau."
Naye hakuwa msahaulifu.
Alijua Bi Time atalipa karafuu zikianikwa,
skuli italipa ikikumbushwa mara tatu,
na yule mwenye ghorofa kule Bopwe
halipi abadani, lakini kumnyima huwezi,
mjomba wa mkewe.
Alijua viungo vya nusu inchi hupanda bei
kila meli inapochelewa Mkoani,
basi akinunua mapema, akivificha mvunguni,
mkewe akilala juu ya mtaji.

Huo si mpango?
Kama si mpango, niambie ni nini.

Kisha Shaame akafa.
Jumanne, baina ya adhuhuri na alasiri,
spana mkononi, mfereji wa watu haujafungwa,
maji yakamtawadhisha kabla hatujafika.
Tukamzika na kichwa chake,
na ndani ya kichwa madeni, ahadi, bei,
na njia za paipu zote alizozifukia
chini ya nyua za nusu ya Limbani.

Baada ya khitma wakaja waliokuwa wakimdai.
Aliokuwa akiwadai hawakuja.

Mjane wake, Bi Riziki, akanipa ufunguo wa banda.
"Tazama ukutani," akasema. "Alikuwa akichorachora."

Kumbe akiandika!
Mkaa juu ya chokaa, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti:
"T. arubaini. Karafuu."
"Mfenesi, hatua sita, kushoto."
Mfenesi wa nani? Kushoto ukitokea wapi?
"Usimkopeshe S. tena."
Na chini yake, kwa mkaa mpya zaidi:
"S., mara ya mwisho."
"Vijana wawili. Gari la mkono. Kabla ya Ramadhani."
Ramadhani ya mwaka gani, fundi?
Nilisimama mbele ya ule ukuta
kama mtoto wa chuoni aliyeruka sabaki,
bakora inamsubiri.

Basi, Bi Mwanakhamis,
usidhani nimeidharau bahasha yako.
Ukurasa wa pili unaniuliza
miaka mitatu ijayo nitakuwa wapi.
Mimi hata mwaka huu sijui kama mikarafuu itazaa.
Nikiandika itazaa, nitakuwa nimekuongopea kwa wino,
na uongo wa wino haufutiki kwa kanzu.
Ukurasa wa tano unataka majina ya washindani wangu.
Nimeandika: kutu.
Zilizobaki nimeziacha nyeupe, unisamehe.

Lakini nimenunua daftari dukani kwa Mbarouk,
la mistari, jalada la buluu,
nalitia ndani ya mfuko wa nailoni lisirowe.
Jana usiku nilianza kuuhamisha ukuta,
jina zima, si herufi:
"Bi Time Makame. Elfu arubaini. Atalipa karafuu zikianikwa."
Nikamsomea Kombo, mwanafunzi wangu,
ili ajue, maana ajali haina kinga.
Akasikiliza, huku anasokota uzi wa viungo.

"Fundi," akasema, "hiyo T. ni Bi Tatu.
Bi Time kalipa zamani. Pesa nilizipokea mimi."

Nikakata mstari. Nikaandika upya,
na pembeni nikatia jina la Kombo.

Ukuta sijaupaka chokaa.